Je, wajua kwa nini mkojo wa baadhi ya watu hugeuka mweusi?

Ukitoka, una rangi yake ya kawaida. Uache wazi kwa saa kadhaa, unakuwa hudhurungi, kisha mweusi. Ugonjwa huu unaitwa alkaptonuria. Ni wa nadra sana, na wakati mwingine hugunduliwa kwa madoa meusi kwenye nepi ya mtoto. Daktari wa London, Archibald Garrod, aliona kuwa wengi wa wagonjwa wake walizaliwa na wazazi ambao ni mabinamu. Mwaka 1902 aliandika kuwa ni ugonjwa wa kurithi.

Kisa chote kiko kwenye kile ambacho wanabayolojia hukiita njia. Seli haigeuzi kitu kuwa kingine kwa mkupuo mmoja. Hukipitisha hatua kwa hatua, na kila hatua ina kimeng'enya chake, yaani protini inayoendesha badiliko hilo, kinachotengenezwa kwa maelekezo ya jeni. Jeni ikiharibika, hatua ile hufungwa: vya nyuma yake vinarundikana, vya mbele vinakosekana.

Tuifuate fenilalanini, asidi amino iliyomo kwenye protini tunazokula. Kwanza hugeuzwa kuwa tirosini. Hatua hiyo ikifungwa, fenilalanini hujaa kwenye damu na kudhuru ubongo wa mtoto. Hiyo ni fenilketonuria, mojawapo ya sababu za watoto wachanga kuchomwa kisigino na kupimwa damu katika nchi nyingi.

Tirosini nayo hufika njia panda. Tawi moja linaelekea kwenye melanini, ile rangi ya ngozi na nywele. Likifungwa mwanzoni kabisa, mtu huzaliwa na ualbino. Tawi jingine huivunjavunja hadi kuwa asidi ya homojentisiki, na hapo ndipo wenye alkaptonuria wanapokwama. Nyingi ya asidi hiyo hutoka na mkojo, ikapigwa na hewa ikawa nyeusi. Inayobaki hupenya kwenye gegedu, ile tishu inayokinga maungio ya mifupa, na ukubwani mgongo na magoti huanza kuuma. Nani angedhani magonjwa haya matatu ni jirani?

Tiba ya alkaptonuria ndiyo inayonifurahisha zaidi. Badala ya kuzibua, madaktari wanaziba tena, hatua moja nyuma. Dawa ya nitisinoni, iliyotokana na utafiti wa viuamagugu, huzuia asidi ile isitengenezwe kwa wingi. Ulaya iliidhinisha itumike kwa watu wazima wenye alkaptonuria mwaka 2020. Ila sasa tirosini ndiyo inayorundikana, na ikizidi huumiza macho, kwa hiyo mgonjwa hulazimika kupunguza protini katika mlo wake.