Sensa za protini zinazong'aa: mambo ambayo watu wengi wanayaelewa ndivyo sivyo

Sensa ninazozungumzia ni protini zilizotengenezwa ili mwanga wake ubadilike kimeng'enya fulani kikifanya kazi ndani ya seli. Picha za seli zinazong'aa kwa protini hizi zinapendeza sana, shida ni maelezo yanayotembea nazo, mengi yanapotosha, na mtu akishaelewa vibaya hapa basi atasoma data vibaya mpaka mwisho.

Kwanza wanasema protini hizi zote zinawaka zenyewe. Si kweli. GFP, ile protini ya kijani ya jelifishi ambayo Osamu Shimomura na wenzake waliielezea mwaka 1962, haitoi kitu mpaka uimulike, unaipiga mwanga wa bluu yenyewe inarudisha kijani. Inayowaka bila kumulikwa ni lusiferesi, kimeng'enya cha kimulimuli, na hiyo nayo inataka lusiferini (kemikali inayotoa mwanga), oksijeni na ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli), ikikosa kimoja tu ni giza. Ndo maana mwanga ukishuka usikimbilie kusema kimeng'enya unachokipima kimezimika, huenda seli zinakufa na ATP imeisha. Kwa kulinganisha, weka pembeni seli zenye lusiferesi ya kawaida isiyogeuzwa kuwa sensa, nayo ikishuka ujue tatizo liko kwingine.

Dhana inayoniuma zaidi ni hii ya kwamba sensa inaonyesha kimeng'enya kipo kingi kiasi gani. Hapana jamani, inaonyesha kinafanya kazi! Chukua kaspesi-3, inayokatakata protini wakati seli inajiua: hata kwenye seli yenye afya ipo, ila imelala, ukiipima kwa wingi utaikuta na wakati huo haikati chochote. Sensa yake mojawapo ni protini mbili, ya samawati na ya njano, katikati kuna asidi amino nne, DEVD, kila herufi ni asidi amino moja. Zikiwa karibu, chini ya nanomita 10 hivi, ya samawati inampa jirani yake nishati, unaona njano, kaspesi ikikata pale zinaachana na samawati inarudi.

Sasa wengine wakisikia hivyo wanadhani kazi ni kuunganisha vipande viwili basi. Wapi! Ukichukua umbali ambao nusu ya nishati inavuka ukauzidisha mara mbili, kinachovuka kinabaki kama asilimia 1.5 tu, kwa hiyo kiungo kikiwa kirefu sana hata kabla ya kukatwa hakuna cha kupotea, kikiwa kifupi sana kimeng'enya kinaweza kukosa pa kushika. Inabidi kutengeneza matoleo mengi na kuyajaribu moja moja, hakuna njia ya mkato.

Halafu eti DEVD ni ya kaspesi-3 peke yake? Kaspesi-7 nayo inaikata vizuri tu. Tengeneza sensa ya kulinganishia, ile D ya mwisho ibadilishe iwe A, haitakatika, na rangi ikibadilika hata hapo ujue unachokiona sio kaspesi.

Na sensa ikishakatwa haijiungi tena, kwa hiyo inakuambia kilichokwisha kutokea, sio kwamba kimeng'enya bado kinakata dakika hii. Sensa za kinesi, vimeng'enya vinavyobandika fosfati kwenye protini, ni tofauti, fosfati ikiondolewa na fosfatesi, kimeng'enya kinachoibandua, sensa inaweza kurudi ilivyokuwa.