Je, wajua kwa nini nyigu dume hana baba?

Ukipasua bua la mahindi lililotobolewa na bungua, shambani Kisauni au Likoni, huenda ukakuta kiwavi amekauka na kando yake rundo la vifuko vyeupe, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele. Hiyo ni kazi ya nyigu Cotesia flavipes, anayetaga mayai ndani ya kiwavi; mabuu yake humla kwa ndani, kisha hutoka na kujifumia vifuko hivyo. Kituo cha utafiti cha ICIPE kilimleta kutoka Pakistani na kumwachilia pwani ya Kenya mwaka 1993, amkabili bungua Chilo partellus, ambaye naye ni mgeni kutoka Asia. Kwenye vifuko hivyo hutoka majike wenye mama na baba, na madume wenye mama peke yake.

Jambo lenyewe liko kwenye kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli. Yai la nyigu likirutubishwa huwa jike, mwenye seti mbili. Lisiporutubishwa haliharibiki, hukua likawa dume mwenye seti moja tu, ya mama. Kwa Nasonia vitripennis, anayetaga kwenye pupa za nzi (hatua kati ya buu na mdudu mzima), jike ana kromosomu 10 na dume 5. Kwa Bracon hebetor, anayewinda viwavi vya nondo kwenye nafaka iliyokaa magodauni, ni 20 na 10.

Mwenye kuamua ni mama. Akishapandwa huhifadhi mbegu za kiume kwenye kifuko tumboni, na yai linapopita ama huachilia mbegu ama hubana.

Kuzihesabu kromosomu hizo si kazi ya mwenye haraka. Huchukuliwa ubongo wa buu anayekaribia kuwa pupa, kwa sababu seli zake bado zinagawanyika. Huloweshwa kama nusu saa kwenye sodiamu sitreti ya asilimia 1 yenye kolchisini ya asilimia 0.005, dawa inayosimamisha seli katikati ya kugawanyika, hukazwa kwa ethanoli na asidi ya asetiki, kisha hutiwa rangi ya Giemsa. Ukichelewa, pupa akikomaa, utaona viini vya seli tu na hakuna cha kuhesabu.

Kwa mfugaji wa nyigu, anayewazalisha ili wakabili wadudu waharibifu, hesabu hii ina makali yake. Kizazi kizima kikitoka madume, jambo la kwanza kushuku ni kwamba majike walipewa viwavi kabla ya kupandwa. Waache kwanza na madume kwa siku moja, penye mwanga na matone ya asali.

Kwa Bracon kuna mtego mwingine. Jinsia yake hutegemea sehemu moja ya kromosomu yenye aina nyingi za jeni: aina mbili tofauti zikikutana huwa jike, lakini yai lililorutubishwa likipata mbili zinazofanana huwa dume mwenye seti mbili. Chukua mama mwenye aina A na B, aliyepandwa na dume mwenye C. Mabinti watakuwa AC au BC, wana watakuwa A au B. Kaka akimpanda dada, nusu ya ndoa hizo zinagongana, yaani aina ya kaka iko pia kwa dada, na kwenye zilizogongana nusu ya mayai yaliyorutubishwa hupotea kwa madume hao. Wengi wao hufia yaini, na wanaopona hawana faida ya uzazi. Ukiona mayai mengi hayaanguliwi, usiharakishe kulaumu chakula. Dawa ni kuanza na mama wengi kutoka sehemu mbalimbali na kuwachanganya mara kwa mara. Cotesia flavipes na Nasonia hawana tatizo hili. Kaka na dada wao huoana tangu jadi bila hasara hiyo.

Halafu kuna Trichogramma, nyigu wadogo mno wanaotaga ndani ya mayai ya nondo. Baadhi yao hubeba bakteria Wolbachia, anayefanya yai lisilorutubishwa lizidishe seti yake na kuwa jike. Hapo madume hawahitajiki kabisa. Lakini Wolbachia hapendi joto: ukiwafuga vizazi kadhaa kwenye nyuzi 30 na zaidi, bakteria hupungua na madume hurudi. Mombasa, chumba kisicho na kipoza hewa hufika huko Februari na Machi bila taabu. Kwa hiyo madume wakianza kuonekana kwenye kundi lililokuwa la majike watupu, soma kipimajoto kabla hujalitupa kundi lako.