Je, wajua kwa nini mdhamini wa wakfu wa sanaa si mtu wa kuombwa pesa?

Mombasa, mtu akijulikana tu kuwa ni mdhamini wa wakfu wa sanaa, huanza kuombwa. Kikundi cha taarabu kinataka kinanda, kijana mchoraji anataka rangi. Waombaji hawana kosa. Neno lenyewe limewachanganya. Mdhamini wa mechi hutoa jezi na kombe. Mdhamini wa mahakamani humwekea mtu dhamana. Huyu wa wakfu amepewa amana ya kulinda mali isiyokuwa yake.

Neno wakfu linaeleza zaidi, na watu wa Pwani wamelisikia tangu utotoni: kisima cha wakfu, nyumba ya wakfu ambayo kodi yake hutunza msikiti. Umar, sahaba wa Mtume Muhammad, alipopata shamba huko Khaybar, Uarabuni, Mtume alimwelekeza azuie shina, yaani ardhi yenyewe, mazao yatolewe sadaka. Shamba likawa haliuzwi, halirithiwi, halitolewi hiba. Na msimamizi wake? Ruhusa ale kwa wema, bila kujilimbikizia.

Wakfu wa sanaa wa leo si lazima uwe wa dini, na huandikishwa kwa sheria nyingine za Kenya, lakini wazo ni lile lile. Wadhamini wakishasajiliwa kisheria huwa kitu kimoja chenye muhuri wake, nacho hakifi. Mmoja wao akifariki, warithi wake hawana fungu katika nyumba wala akaunti ya wakfu.

Kwa kawaida wadhamini hawalipwi mshahara. Hurudishiwa nauli, basi. Wao ndio wanaopitisha bajeti na kuamua mratibu alipwe nini. Wakijilipa, nani atawauliza? Aliyeshika upawa hali ukoko.

Kazi ya kila siku humwangukia huyo mratibu, na hapa ndipo ninapoomba watu wawe na huruma. Katika wakfu mdogo, yeye ndiye anayeandika maombi ya ruzuku usiku, anayekodi viti na vipaza sauti, anayefuatilia risiti ya tuktuk iliyobeba ngoma, kwa sababu mkaguzi wa hesabu ataiuliza. Wafadhili wengi hutoa pesa za mradi: tamasha la siku tatu, mafunzo ya wiki mbili. Kodi ya ofisi na bili ya umeme mara nyingi hazimo. Na kwetu umeme si anasa, maana unyevu na chumvi ya bahari hula karatasi na kanda za zamani. Chumba kisipopata hewa kavu, ukungu huingia kabla ruzuku nyingine haijafika.

Hasara hiyo tulikaribia kuipata zamani. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, alifariki karibu na mwaka 1840. Mashairi yake yaliokoka kwa sababu miongo kadhaa baadaye Mwalimu Sikujua aliyakusanya kutoka kwa waliokuwa bado wanayakumbuka, akishirikiana na mmishenari Mwingereza, William Taylor. Nyaraka za Taylor leo zimehifadhiwa London, katika chuo cha SOAS.

Kwa hiyo nikikutana na wadhamini wa wakfu mchanga, siwaulizi wana pesa ngapi. Nawauliza kanda zao zimekaa chumba gani, na ufunguo uko kwa nani.