Je, Wajua Kwa Nini Gongo la Kriketi Halichongwi kwa Mpingo?

Kwa mtu wa Lindi au Mtwara, mbao ni ile inayotoa jasho msumeno. Mpingo wa Kilwa huvuka bahari kwenda kutengenezewa klarineti, na Wamakonde wameuchonga vinyago miaka nenda rudi. Mbona basi gongo la kriketi, linalokutana na mpira mgumu wa ngozi unaoweza kufikia kilomita 140 kwa saa, huchongwa kwa mwerebi wa Uingereza, mti laini unaopenda penye maji?

Kwanza, uzito. Gongo la mtu mzima huwa na kilo 1.1 hadi 1.4 hivi. Mpingo ukiutupa majini unazama. Kwa ujazo uleule, huzidi mwerebi karibu mara tatu. Gongo la mpingo lingekaribia kilo nne, na kabla hujaliinua wiketi, vile vijiti vitatu nyuma yako, imeshaanguka. Pili, nyuzi za mwerebi hubonyea kidogo zikipigwa, hazipasuki ovyo. Fundi huukandamiza uso kwa mashine ukawa mgumu, huku ndani ukibaki mwepesi.

Kuna jambo la kuchekesha hapa. Kwenye mpingo, thamani iko kwenye kiini cheusi, ile nyeupe ya nje huchongwa ikatupwa. Kwenye mwerebi, nyeupe ya nje ndiyo inayogombaniwa, na kiini chenye wekundu hushusha bei. Hushusha bei, si lazima mchezo: gongo lenye doa jekundu pembeni laweza kupiga vizuri tu.

Ukienda kununua gongo, mimi ningetazama kwanza mistari ya mbao usoni pake. Kila mstari ni mwaka mmoja wa mti. Itake iliyonyooka kutoka mpini hadi chini. Ikibanana, gongo huwahi kupiga vizuri lakini huchakaa mapema. Mwerebi wa Kashmir, kule Asia Kusini, ni mzito zaidi na bei yake nafuu, mwanafunzi unamtosha.

Halafu umbo. Mgongoni pana kinundu, na hapo penye kinundu ndipo mpira unapotoka kwa nguvu. Uwanja wa zege lililotandikwa mkeka hurusha mpira juu, kwa hiyo chagua kinundu kilichopanda kidogo. Uwanja ambako mpira hauinuki sana unataka kilicho chini. Unene una kikomo: tangu 2017 sheria ya kriketi hairuhusu kuzidi sentimita 6.7.

Usilinunue kwa kulitazama tu. Shika mpini wa henzirani, lizungushe: mawili ya uzito sawa kwenye mizani huweza kutofautiana kabisa mkononi.