Ameanguka, damu haikutoka: je, mtoto yuko salama?

Mjamzito akiteleza kwenye ngazi za Mji wa Kale, au tuktuk ikimrusha kwenye tuta, swali la kwanza huwa: "Damu imetoka?" Kama haijatoka, huambiwa amshukuru Mungu, akandwe kwa mafuta ya nazi, alale. Ni imani ya siku nyingi, na ina mantiki yake, kwani damu ni dalili inayoonekana.

Lakini kondo la nyuma linaweza kubanduka kwenye ukuta wa mji wa mimba, damu ikajikusanya nyuma yake bila tone kutoka nje. Mji wa mimba hunyumbuka, kondo halinyumbuki. Pigo la ghafla huweza kuvitenganisha. Likibanduka sana, mtoto hukosa hewa, au uchungu huanza kabla ya wakati. Tumbo hukaza kama ubao, maumivu hayaishi, au mtoto hutulia kuliko kawaida yake. Hapo kukanda tumbo si salama hata kidogo.

Si kila kuanguka ni msiba, jamani. Miezi 3 ya mwanzo mji wa mimba bado umejificha ndani ya mifupa ya nyonga. Baada ya wiki 20 hivi, pigo la tumboni hutaka mapigo ya moyo ya mtoto yafuatiliwe hospitalini, kwa kawaida kwa muda wa saa 4 au zaidi.

Fungua kijitabu chako cha kliniki, utazame kundi la damu. Likiwa na alama ya kutoa, kama O−, mwambie muuguzi mapema: huenda ukahitaji sindano ya anti-D, inayozuia mwili wako kutengeneza kinga ya kushambulia damu ya mtoto, ndani ya saa 72 tangu uanguke.