Amplifaya ikipiga mluzi, usikimbilie kulaumu aisii

Umeunga amplifaya ya LM386, aisii (chipu ndogo yenye pini nane) ya kukuza sauti, umewasha, spika inapiga mluzi au inadunda "put-put-put" kama boti ya injini. Ushauri utakaoupata haraka ni kwamba aisii ni feki, nunua nyingine. Niliwahi kubadilisha tatu, mluzi ukabaki uleule.

Mara nyingi aisii ni nzima. Tatizo ni sauti iliyokuzwa kupata njia ya kurudi ilikoingilia, ikakuzwa tena na tena. Spika ikivuta mkondo, volti ya betri hushuka kidogo; mshuko huo hupenya hadi kwenye ingizo, na mzunguko unaanza.

Dawa ni kapasita ya nanofaradi 100 kati ya pini ya 6 (ya umeme) na ya 4 (ya ardhi, yaani upande hasi wa betri), miguu yake mifupi kabisa, ikisaidiwa na ya mikrofaradi 470 hapo karibu. Sentimita kumi za waya katikati zinatosha kuiharibia kazi. Pini ya 7 nayo ipewe mikrofaradi 10 hadi ardhini. Toka pini ya 5 (ya kutolea sauti) kwenda ardhini weka rezista ya omu 10 ikifuatana na kapasita ya nanofaradi 47. Wengi huziruka hizi mbili wakidhani ni mapambo!

Waya wa ardhi wa spika uende moja kwa moja kwenye betri, usipitie kwenye ingizo.

Ukiunganisha ingizo na ardhi mluzi ukakoma, chunguza kwanza waya za kuingizia sauti. Na aisii ikichemka huku spika iko kimya, huenda inatetema kwa masafa ambayo sikio halisikii.