Mashabiki na ushindani katika kriketi ya kimataifa: dhana potofu na ukweli wake

Hapa Dodoma mazungumzo ya michezo huanza na Simba na Yanga, yakaja kwa Dodoma Jiji, kisha yakahamia Ligi Kuu ya Uingereza. Kriketi huingia kijiweni mara chache, na inapoingia huwa imeletwa na video fupi kwenye simu ya mtu: mashabiki wanang'oa viti, chupa zinaruka, polisi wanakimbia na virungu. Anayeujua mchezo huu kwa njia hiyo pekee hujenga picha ambayo historia yake haiiungi mkono. Mimi ninaufuatilia kwa mapenzi ya kweli, na yanayosemwa hunigusa kwa sababu lawama hizo hazibaki kwa mashabiki waliofanya fujo, bali hubebeshwa mataifa mazima, wakiwamo majirani zetu wenye asili ya Bara Hindi ambao babu zao walifungua maduka katika mji huu enzi za ukoloni. Kwa hiyo nachukua yale ninayoyasikia mara kwa mara na kuyapima kwa matukio yenyewe.

Dhana: Mashabiki wa India na wa Pakistan wanachukiana kiasi kwamba hawawezi kukaa uwanja mmoja kwa amani

Hii ndiyo iliyoenea kuliko zote, na inastahili kujibiwa kwa kirefu. Januari 1999 Pakistan ilikwenda India kucheza mechi za siku tano, zile zinazoitwa Testi, baada ya miaka kumi na zaidi bila kufanya ziara ya namna hiyo. Kabla ya timu kufika, wanaharakati wa Shiv Sena, chama cha siasa kali za Kihindu, waliingia katika uwanja wa Feroz Shah Kotla mjini Delhi na kuichimbua sehemu ya katikati ambako mpira hupigwa. Mechi ya kwanza ikahamishiwa Chennai, katika uwanja wa Chepauk, na wengi walitarajia mabaya.

Kilichotokea Chepauk kinapaswa kuelezwa taratibu. India ilihitaji mikimbio 271, yaani alama za kriketi, ili ishinde. Sachin Tendulkar, akipiga huku mgongo unamuuma waziwazi, alifikisha mikimbio 136, na India ikawa imebakiza 17 tu ikiwa na wiketi nne mkononi, yaani wapigaji wanne zaidi wangeweza kutolewa kabla timu haijaisha. Hapo Tendulkar akatolewa na mrushaji Saqlain Mushtaq, waliobaki wakaanguka mmoja baada ya mwingine, na India ikaishia 258. Pakistan ilikuwa imeshinda kwa mikimbio 12, kwenye ardhi ya mpinzani wake mkubwa, mbele ya umati ambao dakika chache nyuma ulikuwa na hakika ya ushindi. Umati huo ulisimama na kuwapigia makofi Wapakistani, na nahodha Wasim Akram akawaongoza wenzake kuuzunguka uwanja mzima huku majukwaa yakiendelea kushangilia. Ninaomba msomaji aliyewahi kuwa uwanjani siku timu yake imefungwa bao la dakika ya mwisho katika dabi ya Kariakoo apime ugumu wa jambo hilo.

Wiki tatu hazikupita. Timu hizo hizo zilikutana tena Februari katika uwanja wa Eden Gardens, Kolkata. Safari hii Tendulkar, akikimbia kurudi kwenye mstari, aligongana na Shoaib Akhtar wa Pakistan, mpira ukarushwa ukapiga wiketi, vile vijiti vitatu nyuma ya mstari, kabla hajafika, na mwamuzi wa tatu, anayetazama picha za video, akathibitisha kwamba ametoka. Umati uliona ameonewa. Vitu vikarushwa uwanjani, mchezo ukasimama, na ikabidi Tendulkar mwenyewe atoke kuwasihi watu watulie. Siku ya tano fujo zilirudi, polisi wakawatoa watazamaji, na mechi ikamalizika mbele ya majukwaa yaliyobaki karibu matupu. Pakistan ilishinda kwa mikimbio 46.

Nchi mwenyeji ni ileile, mgeni ni yuleyule, mshindi pia ni yuleyule, na bado umati mmoja ulipiga makofi na mwingine ukafukuzwa. Kama chuki ya mataifa ndiyo ingekuwa chanzo, Chennai ingewaka pia. Kilichotofautiana ni uamuzi wenye utata uliofanyika mbele ya macho ya watu, na hisia kwamba haki haikutendeka.

Miaka mitano baadaye mambo yalikuwa upande wa pili. Machi 2004 India ilizuru Pakistan, maelfu ya Wahindi wakapewa viza kuvuka mpaka kwa ajili ya kriketi, na katika mechi ya kwanza mjini Karachi wenyeji wakashindwa kwa mikimbio mitano tu, 344 dhidi ya 349. Karachi nayo iliwapigia makofi wageni. Taarifa za wakati ule zilieleza pia wenye maduka wa Lahore waliokataa kupokea fedha za wageni kutoka India.

Hapa ipo dhana ndogo iliyojificha ndani ya hii kubwa, kwamba nchi hizi hukutana kila mara. La hasha. Testi yao ya mwisho ilichezwa Desemba 2007, na ziara ya mwisho ya timu moja katika nchi ya mwenzake ili wacheze wao wawili tu ilimalizika Januari 2013. Tangu hapo hukutana katika mashindano ya dunia na ya Asia. Waliozifunga ziara hizo ni serikali na vyama vya kriketi. Hakuna shabiki aliyeulizwa. Hata Septemba 2025 kule Dubai, katika Kombe la Asia, waliokataa kupeana mikono walikuwa wachezaji wa India, na waliogombana kuhusu nani akabidhi kombe walikuwa viongozi.

Dhana: Fujo za mashabiki humlenga mgeni

Mara nyingi humrudia mwenyeji. Mfano ulio wazi kuliko yote ni nusu fainali ya Kombe la Dunia ya tarehe 13 Machi 1996, Eden Gardens tena, mbele ya watu wapatao laki moja. Mpinzani wa India hakuwa Pakistan bali Sri Lanka, ambayo ilikuwa imepata 251. India ilifika 98 ikiwa imepoteza mpigaji mmoja tu, kisha ikaporomoka hadi 120 ikiwa imepoteza wapigaji wanane. Chupa zikarushwa, moto ukawashwa kwenye majukwaa, na kamisaa wa mechi, Clive Lloyd, aliyewahi kuwa nahodha wa West Indies, timu ya pamoja ya nchi za Karibi, akaipa Sri Lanka ushindi. Vinod Kambli, mmoja wa wapigaji wawili wa India waliokuwa bado uwanjani, alitoka akibubujikwa na machozi. Wachezaji wa Sri Lanka hawakuwa wamemkosea mtu, na hasira ile haikuwalenga wao. Umati ulikuwa umeghadhibishwa na watoto wake wenyewe.

Ilikuwa hivyo pia Machi 2007, India ilipofungwa na Bangladesh katika Kombe la Dunia, na watu wakaenda kuishambulia nyumba iliyokuwa ikijengwa ya Mahendra Singh Dhoni, mjini Ranchi. Tabia hii haiko Asia peke yake. Tarehe 1 Februari 1981 mjini Melbourne, New Zealand ilihitaji mikimbio sita katika mpira wa mwisho ili walau itoke sare na Australia, na nahodha Greg Chappell akamwamuru mdogo wake, Trevor, auviringishe mpira chini kwa chini ili usiweze kupigwa juu. Sheria za siku zile hazikukataza. Umati wa Waaustralia uliwazomea Waaustralia wenzao waliposhinda, na naona ulikuwa na haki.

Haki inanitaka nitaje pia mfano unaonipinga. Video ya viti vinavyong'olewa, ile inayozunguka zaidi kwenye simu zetu, ni ya Sharjah, tarehe 7 Septemba 2022. Pakistan, ikiwa na wiketi moja tu iliyobaki, ilihitaji mikimbio 11 katika ova ya mwisho, yaani mipira sita ya mwisho, dhidi ya Afghanistan. Naseem Shah, ambaye kazi yake ni kurusha, akapiga mipira miwili mfululizo ya mikimbio sita kila mmoja na mechi ikaisha. Baadhi ya mashabiki wa Afghanistan waling'oa viti na kuwarushia mashabiki wa Pakistan. Huko walilengwa wapinzani, bila shaka yoyote. Lakini video hiyo fupi haionyeshi kilichotangulia: muda mfupi kabla ya hapo Asif Ali wa Pakistan na mrushaji Fareed Ahmad walisukumana hadharani katikati ya uwanja, na wote wawili wakatozwa faini baadaye. Umati huiga unachokiona, na wachezaji ambao hawakulielewa hilo wamegharimu watu wengi.

Dhana: Zamani ulikuwa mchezo wa waungwana, fujo zimeletwa na mechi fupi za ova 20 na fedha za siku hizi

Tarehe 8 Februari 1879, mjini Sydney, timu ya Waingereza chini ya Lord Harris ilikuwa ikicheza na New South Wales. Mpigaji tegemeo wa wenyeji, Billy Murdoch, alitangazwa kuwa ametoka kwa kutowahi kufika kwenye mstari, na watu kwa mamia wakavamia uwanja. Lord Harris mwenyewe alichapwa fimbo. Mambo mawili katika kisa hiki hayapaswi kupita bila kutazamwa. La kwanza, mwamuzi, George Coulthard, alikuwa mtu wa Victoria, koloni jirani lililokuwa likishindana na New South Wales kwa kila kitu, kwa hiyo sehemu kubwa ya hasira ilikuwa ya Waaustralia kwa Mwaustralia. La pili, kamari ilikuwa ikichezwa waziwazi majukwaani, na walioweka fedha kwa wenyeji walituhumiwa kuchochea. Mwamuzi mwenza wa Coulthard siku hiyo alikuwa Edmund Barton, ambaye mwaka 1901 alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Australia.

Orodha inaendelea katika karne iliyofuata. Mwaka 1954 mjini Georgetown, katika Guyana ya leo, chupa zilirushwa baada ya wapigaji wawili wa West Indies kutenganishwa wakikaribia mikimbio mia moja pamoja, na ikasemwa kwamba wapo waliokuwa wamewekeana dau juu ya mia hiyo. Tarehe 1 Januari 1967, Kolkata, watu waliingizwa uwanjani kupita uwezo wake, waliokosa nafasi wakasogea hadi ukingoni mwa eneo la kuchezea, polisi wakawapiga, na majukwaa yakachomwa moto. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa mechi ya ova 20, mtindo ambao kimataifa ulianza katika miaka ya 2000. Tiketi zilizouzwa kupita kiasi, virungu, kamari na maamuzi yenye utata ndivyo vinavyojirudia, karne baada ya karne.

Dhana: Ushindani mkongwe ni wa Uingereza na Australia, na mshindi huondoka na chombo cha majivu

Mechi ya kwanza ya kimataifa ilichezwa mwaka 1844 mjini New York kati ya Marekani na Kanada. Uingereza na Australia walianzisha Testi mwaka 1877. Jina la majivu, Ashes, lilitokana na tanzia ya kejeli iliyochapishwa gazetini mwaka 1882 baada ya Australia kushinda jijini London kwa mikimbio saba, na chombo chenyewe, ambacho ni kidogo sana, hukaa katika jumba la makumbusho la Lord's, uwanja wa kriketi wa London, bila kujali nani ameshinda.

Uhasama wao ulifikia kilele mwaka 1933 mjini Adelaide, Waingereza walipoelekeza mpira kwenye miili ya wapigaji na Bert Oldfield akavunjika fuvu. Harold Larwood, mrushaji aliyechukiwa kuliko wote Australia mwaka ule, alihamia huko na familia yake mwaka 1950, akapokewa vizuri, na akaishi Sydney hadi kifo chake mwaka 1995.

Dhana: Huu ni ushindani wa wengine, Afrika Mashariki haumo

Timu ya Afrika Mashariki, iliyojumuisha wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ilicheza Kombe la Dunia la kwanza la wanaume, mwaka 1975. Kenya iliifunga West Indies mjini Pune mwaka 1996 na kufika nusu fainali mwaka 2003. Uganda ilicheza Kombe la Dunia la ova 20 mwaka 2024, na vijana wa Tanzania wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia la mwaka 2026. Kijana wa Majengo au wa Chuo Kikuu cha Dodoma anayetaka kushangilia timu ya kriketi hana haja ya kuazima bendera ya mtu.

Dhana: Kuzomea na kutukana ni sehemu ya mchezo, maneno matupu hayavunji mfupa

Utani wa mashabiki ni halali, nasi watu wa utani wa jadi tunaujua mpaka wake. Januari 2021 mjini Sydney mpaka huo ulivukwa. Mohammed Siraj wa India, aliyefiwa na baba yake wiki chache tu kabla akiwa huko huko ziarani, alimwendea mwamuzi na kumwonyesha jukwaa ambako alikuwa akitolewa lugha ya matusi. Mchezo ukasimama kwa dakika kadhaa na watazamaji sita wakatolewa. Waamuzi waliwapa Wahindi nafasi ya kuondoka uwanjani, wakachagua kucheza. Oktoba mwaka huohuo, India ilipofungwa na Pakistan mjini Dubai kwa wiketi kumi, yaani bila mpigaji hata mmoja wa Pakistan kutolewa, Mohammed Shami alishambuliwa mtandaoni na watu wa nchi yake mwenyewe kwa sababu ya dini yake, na nahodha Virat Kohli akajitokeza hadharani kumtetea.

Kohli huyo huyo, Juni 2019 jijini London, alisikia mashabiki wa India wakimzomea Steve Smith wa Australia, aliyekuwa amemaliza adhabu ya kufungiwa kucheza kwa miezi 12 kwa kashfa ya kuukwaruza mpira kule Cape Town. Mechi ikiwa inaendelea, aliwageukia mashabiki wake akawaashiria waache kuzomea na badala yake wapige makofi, na baadaye akasema alimwomba Smith radhi kwa niaba ya umati. Baraza la Kimataifa la Kriketi lilimtunuku Kohli tuzo ya moyo wa kriketi ya mwaka huo kwa kitendo hicho.